Ugomvi wa Mlinda Wiketi

Jumanne, 4 Novemba

Zamu ya asubuhi. Basi la kampuni lilichelewa kutoka Discovery Gardens tunakokaa, tukafika kwenye jengo letu la Marina tukikimbia. Mwendesha pikipiki wa chakula kagombana na madam wa ghorofa ya juu kuhusu lifti. Nikamtuliza madam. Nikamtuliza na mwendesha pikipiki. Ndiyo kazi yenyewe.

Mchana, kwenye chumba cha walinzi, kriketi tu. Pakistan inaanza mechi za Test na West Indies wiki ijayo na kikosi bado hakijatajwa. Zubair, mwenzangu wa mlango wa mbele, anataka kijana mpya awe mlinda wiketi, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira. Sir Tufail, msimamizi wetu, anataka yule mkongwe abaki. Mkongwe katoka mji mmoja na yeye. Zubair anasema magoti ya yule mtu yamekwisha. Sir Tufail anasema Test ni siku tano, si disko, inataka mtu mwenye subira.

Wote wawili Wapakistani. Wote wananigeukia niamue. Mimi Mkenya wa Kitale, kriketi nimeijulia hapa hapa Dubai, kwenye televisheni ya chumba hiki. Ndiyo maana kundi lao la WhatsApp la kriketi waliniachia mimi nilisimamie. Walisema Kenya haichezi Test, kwa hiyo sina upande.

Leo nikasema kila mmoja ana hoja. Wakanicheka. Sawa tu.

Jumatano, 5 Novemba

Limetokea jambo baya. Naandika nilipange kichwani.

Saa ya chai Sir Tufail alituma ujumbe mrefu kundini. Kwamba vijana wa siku hizi hawajui kusubiri, si uwanjani, si mlangoni. Zubair akajua ni yeye anayesemwa, maana Jumatatu alikemewa kwa kuondoka mlangoni kabla ya mwenzake kufika. Tulikuwa nyuma ya jengo, penye mapipa, mimi na yeye tu. Akashika simu, akarekodi sauti kwa Kiingereza chetu cha kazini, ili nami nielewe. Akasema Sir Tufail anamtetea yule mkongwe kwa sababu wamefanana. Magoti yamekwisha, mikono inavuja, na nafasi haachii. Punda mzee. Akamalizia kwa kulia kama punda.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Nina kicheko kikubwa, mke wangu Nafula husema jirani hukisikia kabla yake.

Zubair alidhani anamtumia binamu yake wa Sharjah. Aliituma kundini.

Aliifuta mara alipogundua. Haikusaidia. Sir Tufail alikuwa ameshaisikia na kuihamishia simu yake nyingine. Akaandika: "Matusi kwa simu nchi hii ni kesi. Khalas, basi. Naenda polisi." Kisha akajitoa kundini.

Watu wote kimya. Hata wale wa jengo la pili, ambao hawanyamazi.

Kicheko changu kimo mle ndani. Na msimamizi wa kundi ni mimi.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikulala vizuri. Asubuhi nilimwambia Bakari, tunayekaa naye chumba kimoja. Mtanzania wa Tanga, fundi wa viyoyozi. Nilitaka aniambie si kitu. Hakuniambia hivyo.

"Ndugu yangu," alisema, "huku neno la simuni lina miguu. Linajipeleka lenyewe kituoni." Akanisimulia habari za dereva mmoja aliyemtukana shemeji yake kwa ujumbe, akawekwa ndani, akarudishwa kwao na nguo alizovaa. Labda ni kweli. Labda ni maneno ya kambi za wafanyakazi. Laiti nisingemuuliza.

Sir Tufail hakuja kazini. Tangu nimjue hajawahi kukosa, hata alipokuwa na homa alikuja na shali shingoni. Ofisini hawakusema yuko wapi. Wengine wanasema kituoni. Mmoja anaapa amemwona akipanda teksi, na bahasha mkononi.

Visa yangu inaisha mwezi huu. Leseni ya ulinzi nayo. Mtu mwenye kesi hapewi leseni. Bila leseni hakuna kazi, bila kazi hakuna visa. Nimelizungusha hilo kichwani kutwa nzima, kama ng'ombe kwenye kigingi.

Nimempigia Nafula. Tukaongea mahindi na mvua. Akauliza mbona sauti yangu iko chini. Nikasema mafua. Sina mafua. Nina hofu.

Ijumaa, 7 Novemba

Namba nisiyoijua imenipigia. Namba ya mezani, ya Dubai. Nilikuwa mapokezi. Simu ilitetemeka juu ya kaunta, nikaitazama mpaka ikanyamaza. Ikapiga tena alasiri. Sikupokea. Jasho lilinitoka ndani ya koti na kiyoyozi kinavuma juu ya kichwa changu.

Kila gari jeupe lililosimama mbele ya jengo nililichungulia nani anashuka. Wakashuka watalii. Wakashuka watoto na maboya ya kuogelea.

Kikosi kimetajwa. Walinda wiketi wote wawili wamo, mkongwe na kijana. Atakayecheza atajulikana asubuhi ya mechi. Kwa hiyo kelele zote zile hazikuamua kitu. Hakuna aliyeandika hata neno kundini.

Nilimvuta Zubair penye ngazi za dharura. Uso wake umekuwa wa kijivu. Nikamwambia, "Mwombe msamaha, brother. Mpigie leo."

"Nimepiga. Simu yake imezimwa."

"Basi mwandikie."

"Nikiandika nimekiri. Watanionyesha maandishi yangu mwenyewe." Akanishika mkono, vidole baridi. "Na wewe ulicheka. Wakikuuliza, utasema ni sauti ya nani?"

Nikasema nimeitwa mlangoni. Sikuwa nimeitwa.

Jumamosi, 8 Novemba

Zubair ameondoka.

Hakuwa kwenye basi asubuhi. Nilidhani kaugua. Mchana ujumbe ukaingia: "Nimepita uhamiaji. Hawakunizuia. Waambie mama yangu mgonjwa. Allah akulinde." Nilipopiga, simu ilikuwa imezimwa. Wenzake wa chumba wanasema alibeba begi moja dogo. Blanketi, jiko la umeme, viatu vya mpira, vyote ameviacha. Miaka tisa Dubai, na begi moja.

Nitaandika ukweli kwa sababu hakuna mwingine wa kusoma. Jambo la kwanza nililohisi ni nafuu. Nikasema moyoni, aliyetukana ameondoka, yameisha. Nikanunua chai ya karak, ile nzito ya maziwa na iliki, nikainywa nimesimama, nikaona tamu.

Kisha nikafikiri vizuri. Kama kungekuwa na kesi, wangemkamata pale uwanja wa ndege. Hawakumkamata. Basi hakuna kesi. Au kesi ipo na jina lililoandikwa si lake. Sauti ile ina watu wawili. Mmoja hayupo tena. Nimebaki mimi.

Jumapili, 9 Novemba

Siku ya mapumziko. Sikwenda kanisani. Nilikaa kitandani na pazia nimelifunga. Lifti ikisimama kwenye ghorofa yetu naacha kupumua.

Namba ile haikupiga. Hilo nalo likanitisha.

Nilitaka kufuta kundi. Bakari akaninyang'anya simu. "Ukifuta watasema unaficha. Tulia, kaka." Alinipikia wali na dagaa. Nikala vijiko viwili.

Kesho Sir Tufail akirudi nitamwambia mwenyewe. Asiporudi sijui.

Jumatatu, 10 Novemba

Amerudi.

Nilimwona kabla hajaniona, anashuka kwenye gari la kampuni amebeba katoni. Nikaangalia nyuma yake kama kuna askari. Hakuna. Akapita mapokezi, akasema "Salaam", kavu, akashuka chumba cha walinzi.

Kumbe alikuwa mji wa Hatta. Msimamizi wa hoteli moja kule milimani aliugua ghafla, ofisi ikamtuma yeye akashike nafasi. Mtandao kule kwa shida. Hakuna aliyeona haja ya kutuambia sisi.

Ndani ya katoni kulikuwa na asali. Ya Hatta, chupa ndogo ndogo, moja kwa kila mlinzi. Akazigawa kama anavyogawa redio asubuhi, anaita jina, unachukua. Akaita, "Zubair."

Hakuna aliyejibu. Akaita tena. Mtu mmoja akasema mama yake mgonjwa, amekwenda Pakistan. Sir Tufail akaishika ile chupa, akaangalia chini. Akauliza, "Lini?" Akaambiwa. Akaiweka chupa mezani, peke yake.

Walipotoka nikabaki. Nikamwambia, "Sir, kile kicheko kwenye sauti ni changu."

"Najua."

"Unajua?"

"Miaka minne nakusikia ukicheka kwenye kile chumba. Utadhani sijui?" Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Zubair ana ulimi, huyo namjua. Wewe ndiye uliyeniumiza. Nilidhani wewe huna upande."

Nikasema samahani. Nikamwuliza kama alikwenda polisi.

Alikaa. Akavua kofia. Akasema alikwenda, Jumatano ile ile jioni. Akasimamisha gari kwenye maegesho ya kituo, akaisikiliza sauti tena peke yake. "Nikawaza, nitamwambia nini askari? Kwamba sisi watu wazima tumegombana kuhusu mlinda wiketi?" Akageuza gari. Kufika nyumbani, ofisi wakampigia kuhusu Hatta.

"Mbona hukutuambia, Sir?"

"Nilikuwa na hasira. Nikasema waogope kidogo." Akaigusa ile chupa. "Kidogo tu."

Jumanne, 11 Novemba

Mlinzi akiondoka bila ruhusa kampuni humwandikia kuwa ametoroka. Baada ya hapo kurudi ni vigumu. Sir Tufail amekwenda ofisini mwenyewe, akawaambia alimruhusu kwa mdomo, dharura ya mzazi. Kama yule mama ni mzima wa afya, basi Sir Tufail amedanganya. Sijui, na sikuuliza.

Mimi kazi yangu kumtafuta Zubair. Nimempata binamu yake wa Sharjah. Alinikatia simu mara ya kwanza, alidhani nimetumwa. Mara ya pili nikaongea haraka kabla hajakata: hakuna kesi, hakujawahi kuwa na kesi, mwambie awashe simu. Akasema, "Wallahi?" Nikasema wallahi, mimi Mkristo.

Ile namba ya mezani ilipiga tena. Nikapokea. Ni kliniki. Wanataka nije kupimwa afya kwa ajili ya visa, wamenitafuta tangu wiki iliyopita. Nikacheka kidogo, kisha nikaingia choo cha wafanyakazi nikalia. Bado nikisikia simu nashtuka. Mwili haujaambiwa.

Alhamisi, 13 Novemba

Test imeanza leo. Sir Tufail alinipangia mapumziko mapema, hakusema kwa nini. Tulikaa wawili mbele ya televisheni. Nahodha akasoma majina. Kijana ndiye anayecheza. Mkongwe alionyeshwa amekaa pembeni, kavaa fulana ya wachezaji wa akiba, anafungua chupa za maji.

Kabla ya chakula cha mchana kijana akaangusha mpira. Mpira rahisi, uliingia mikononi ukatoka.

Haukupita muda simu yangu ikalia. Namba ya Pakistan. Zubair. Nyuma yake nikasikia mtangazaji yule yule wa mechi, na mwanamke anakohoa.

Hakunisalimia. "Umeona?"

"Nimeona."

"Mzee yuko hapo?"

Nikampa Sir Tufail simu. Aliishika mbali na sikio kwanza, kama kitu cha moto. Kisha wakaanza kuongea kwa lugha yao. Mwanzoni polepole, na vituo virefu. Sir Tufail alifuta macho kwa kitambaa cha meza. Halafu sauti zikaanza kupanda. Nikasikia wiketi. Nikasikia Test. Sir Tufail akapiga goti lake kwa kiganja, anaeleza kitu.

Nikawaacha. Nikarudi mlangoni.

Baadaye alinirudishia simu imepata moto. Nikauliza kama Zubair atarudi.

"Anasema mama kwanza. Kisha atafikiri."

Kampuni ya kuhamisha mizigo ilikuwa imeleta kochi la mtu wa ghorofa ya kumi na moja, haliingii kwenye lifti. Tukalishika wote wawili, yeye mbele mimi nyuma, tukalipandisha kwa ngazi.