Jina la Kipkoech Ndani ya Mchezo

Leeds, Uingereza

Shemeji yangu mpendwa, Mama Kibet,

Chamgei. Natumaini barua hii itakukuta unaota jua nje, goti limetulia, na mvua ya Kimulot haijaharibu barabara ya kupeleka majani ya chai. Mimi mapafu yamechoka. Daktari hasemi tena "mwaka ujao". Kwa hiyo nisome polepole, maana nina jambo la kukiri.

Unaukumbuka ule mchezo wa kompyuta ulionipa sifa zamani, wa mchuma chai anayemkwepa nyapara? Sikuutunga peke yangu. Marehemu mumeo, mdogo wangu Kipkoech, alipokuwa akisoma huku na kulala sebuleni kwangu, aliandika zaidi ya nusu. Kampuni ya kuuza michezo ilipoleta mkataba, nilijaza kwamba mtunzi ni mimi tu. Alipouona alicheka.

"Haya, mkubwa. Wewe kaa nje, kwenye boksi la mchezo. Mimi nitakaa ndani."

Nilidhani ni utani.

Kampuni ile ilikufa, haki zikanirudia. Majuzi maktaba moja ya hapa inayohifadhi michezo ya zamani iliniita. Kanda zilizobeba mchezo zinaoza, na sheria ya hakimiliki haiwaruhusu kuunakili mchezo na kuuonyesha watu bila idhini ya kila mwenye haki. Walitaka nitie sahihi kwamba mwenye haki ni mimi pekee. Nikashika kalamu.

Binti wa maktaba alikuwa ameuwasha mchezo, kisha tukazama katika maongezi. Mchuma chai akasimama muda mrefu bila kuguswa. Halafu akatua kikapu, akageuka, akatutazama. Mimi sikuandika hilo. Majina yakaanza kutokea miguuni pake, moja, kimya, kisha jingine. Babu Kiprugut. Bibi Tabutany. Baba. Wafu wetu kwa mpangilio, kama akina mama wanavyomwitia mtoto mchanga majina ya marehemu mpaka apige chafya, ijulikane ni nani amerudi.

"Mzee, hawa ni akina nani?" binti akauliza.

La mwisho lilikuwa Kipkoech. Shemeji, aliliandika akiwa hai, kijana wa kumaliza ugali sahani mbili! Aliye hai haitwi hivyo. Jina likabaki pale likiwakawaka, halipiti.

Nikapiga chafya.

"Vumbi," binti akasema, akinipa kitambaa. "Hizi mashine zitatuua sote."

Chumba kile hakina vumbi hata chembe. Nikaweka kalamu chini.

Ndani ya bahasha kuna karatasi mbili. Moja ni kukiri kwangu mbele ya wakili. Maktaba wameshapata nakala, siwezi kurudi nyuma. Nyingine ni idhini. Haki ya Kipkoech sasa ni yako na watoto. Ukikataa, kanda itaoza na hakuna atakayemwona tena akigeuka. Sitakulaumu. Ukikubali, jina lake litangulie langu.

Nisalimie mwanao Kibet, na dada yetu Chebet kule Chepilat, ambaye aliwahi kuniuliza jambo hili nikamdanganya. Msomee naye.

Nasikia mke wa Kibet anakaribia kujifungua. Akina mama wakianza kuita majina, waanze na Kipkoech. Wakifika kwangu, nami nitakuwa nimeshaenda, waniruke, hata mtoto akilia namna gani.

Ni mimi niliyekukosea, kaka wa mumeo,
Kiplangat