Gari Limepona, Kaka Salimu

Sori, kando ya ziwa

Kaka yangu Salimu,

Assalamu aleikum, na shikamoo. Naomba barua hii ikukute mgongo wako umetulia na gereji haikosi kazi. Mama je, miguu imepungua kuvimba? Bado anakataa kulala kitandani kwa sababu ya joto? Mimi mzima. Nakula, nalala, nasali, na samaki ninaokula huku ungewaona ungenionea wivu, ingawa hawapikwi kwa nazi.

Kwanza habari njema: gari limepona. Unakumbuka nilivyokulilia kwenye barua ile. Asubuhi pikapu ya tajiri inawaka mara moja, inanguruma vizuri, halafu ikifika pale njia inapopinda, penye uwanja wa kuanikia omena, vile vidagaa vya ziwani ninavyopeleka Migori kila siku, inakohoa na kuzima. Piga stata mpaka betri ichoke, haiwaki ng'o.

Ukaniandikia kwamba nisitafute tone la mafuta chini, maana bomba linalovuta kutoka kwenye tangi likiwa na upenyo halimwagi dizeli, linavuta hewa. Usiku mafuta yanarudi tangini, asubuhi injini inatumia kile kidogo kilichobaki, kisha inakufa kwa kiu. Nikafanya ulivyosema. Nikafunga kipande cha mpira mweupe unaoonyesha ndani, kabla ya pampu, nikayaona mapovu kwa macho yangu. Nikarudi nyuma kiungo kwa kiungo mpaka juu ya chujio, na hapo nikaikuta nati imelegea na washa yake ya shaba, ile pete ya kuzuia hewa, imekuwa ngumu. Nikaichoma kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu, nikaitia majini, ikalainika. Nikarudisha, nikakaza, nikatoa hewa. Toka siku hiyo halijazima lenyewe hata mara moja. Tajiri alifurahi, na mimi nikajisifu kwa sauti, peke yangu chumbani.

Sasa sikiliza ulivyoniharibia.

Lile gari likizima lilikuwa limeziba njia yote. Kwa hiyo kila asubuhi wanawake wa omena waliacha kazi yao wakaja kulisukuma. Mbele yao Mama Atieno, jirani yangu, mjane mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya ziwa. Na mzee Owuor, anayeshona nyavu pale pembeni, alikuwa hasukumi ila anatoa amri.

"Mswahili, imekufa tena?"

"Imekufa, mama."

"Wewe unaua gari kila siku na bado unalala! Haya, kujeni. Achiel, ariyo, adek!"

Mimi kwanza natoa hewa kwa pampu ya mkono, wao wanangoja na kunisema kwa Kijaluo, wanacheka, kisha wananitafsiria nusu tu. Tukishalisukuma likawaka, Mama Atieno ananimiminia chai. Kikombe sina, basi nanywea kifuniko cha chupa yake ya chai. Hapo ndipo nilipojua kuhesabu Kijaluo, ndipo nilipojua nani amejifungua na nani amegombana na mumewe. Kaka, sikujua kwamba yale ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya siku nzima.

Gari lilipopona nikawa napita. Napiga honi, wanainua mkono, basi. Naenda Migori, narudi, nafunga mlango, nafungua redio. Kuna siku nilifika jioni nikagundua sijasema neno na mtu isipokuwa bei. Siku nyingine nilimsikia mzee Owuor akisema, na alitaka nisikie, "Mswahili sasa ni mtu mkubwa. Gari yake imepona, ata sisi ametusahau."

Utaniuliza kwa nini nisishuke tu nikawasalimu. Nilijaribu. Kwetu mtu anakaa barazani, hakuna anayemuuliza amefuata nini. Hapa asubuhi kila mkono una kazi, na mimi nikisimama pale mikono mitupu, najiona kama karani wa serikali aliyekuja kuwahesabu. Nilisema hamjambo, wakasema hatujambo, nikarudi garini. Nilikosa sababu, kaka. Upweke huu ulinishika mpaka nikaanza kukuandikia barua nyingine, ya kukwambia naacha kazi, narudi nyumbani. Nilijua mama anategemea kazi hii, na bado niliiandika.

Sikuimaliza. Juzi, kabla sijatoka, nilichukua spana nikailegeza ile nati. Robo tu. Cheka ukipenda, lakini usimwambie mama.

Gari likazima pale pale. Nikakaa ndani, naangalia kwenye kioo cha pembeni kama mwizi. Kisha nikasikia ile sauti.

"Mswahili! Sisi tulidhani umehama!"

Wakaja wote, Mama Atieno akanipa mkono dirishani kabla sijashuka kutoa hewa. Wakasukuma, wakacheka, mzee Owuor akatoa amri zake. Mimi nilikuwa nimeinama nikijifanya natafuta ufunguo chini ya kiti, maana macho yalikuwa yamejaa machozi. Likawaka. Wenzake walipoondoka, Mama Atieno akabaki dirishani, akanishika mkono tena, akaunusa.

"Hii gari si ilikuwa imepona?"

"Ilipona, mama."

"Mkono yako ilinuka dizeli kabla hujafungua boneti."

Nikaurudisha mkono ndani. Yeye hakucheka hata kidogo.

"Kesho wacha gari na shida zake," akasema. "Kuja tu. Na kuja na kikombe, mimi nimechoka kukupea kifuniko."

Hiyo kesho ilikuwa jana, na sikwenda. Nilipita na honi yangu kama mjinga. Nati nilishaikaza sawasawa juzi ile ile usiku, kwa hiyo gari haliwezi kunisaidia tena. Kikombe kiko mezani hapa, nimekiosha, nimekiosha tena.

Nisalimie mama, umwambie nati za huku na huko zote zimekazwa, hataelewa lakini atafurahi. Msalimie shemeji mkeo, mahamri yake nayaota. Msalimie mjomba anayeadhini, na sauti yake iliyokwaruza. Msalimie dada yetu mdogo na mtoto wake ambaye sijamwona. Wasalimie na wale wanaokaa kwenye baraza letu jioni, hata yule asiyenipenda.

Naona naongeza salamu ili nisitoke. Nje nawasikia wanawake wa omena wanatandaza nyavu zao za kuanikia, wameshaanza kucheka.

Basi. Naweka kalamu, nachukua kikombe.

Mdogo wako,
Athumani