Chupa ya Mama Mkwe

Ukata, Mbinga
17 Agosti 2006

Kaka Hamphrey,

Shikamoo kaka. Huku baridi ya mwezi huu inauma masikio, lakini asubuhi tunaamka, na ninaomba kwa Mungu wewe, wifi Jacqueline na watoto muwe mnaamka vivyo hivyo. Kahawa mwaka huu imeiva kwa pamoja utadhani imeambizana, na wanunuzi binafsi wanapita na mizani zao kila juma. Bado niko kwa mama, tangu nilipopanda kutoka Liuli kuja kumsaidia kuchuma.

Najua simu ya juzi ilipokatika ulibaki na wasiwasi. Hata isingekatika nisingemaliza. Kibanda cha simu pale stendi ya Mbinga hakina mlango, na nyuma yangu walipanga foleni watu wenye masikio marefu. Ndiyo maana naandika. Keti, kaka, usome yote, usirukie mwisho.

Unajua mume wangu Kilian alipata kibarua kwenye utafiti wa figo. Kazi yake ni kuwapitia wagonjwa wa presha nyumbani na kukusanya mkojo wao wa alfajiri. Mama naye alichaguliwa kwa sababu ya presha yake. Dada wa utafiti aliyepangiwa Ukata akaugua malaria, ikabidi Kilian aje mwenyewe. Sasa mama unamjua. Tangu niolewe hajawahi kula mbele ya Kilian, na wakikutana njiani anasimama kwenye majani mkwe apite. Leo mkwe huyohuyo aje kumwomba mkojo! Kilian naye ana adabu zake. Chupa alinikabidhi mimi nimpe mama, na alfajiri akasimama nje kwenye mibuni, ametupa mgongo, mpaka mama alipoiweka kizingitini ikiwa imefungwa kwa kitambaa. Nilicheka sana siku ile.

Majibu yalipokuja hakuna aliyecheka. Walisema mkojo una protini nyingi mno, mama aende hospitali haraka akapimwe damu, maana figo zikifika hapo mara nyingi mtu huishia kwenye mashine ya kusafisha damu, na mashine yenyewe iko huko kwenu Dar es Salaam. Ndipo nilipokupigia mara ya kwanza, nawe ukaniandikia kwamba umeshaulizia hospitali, na wifi ameshatandika kitanda cha mama katika chumba cha uani. Uliandika pia kwamba mama ameshakula chumvi nyingi, tumjaribu na mashine miezi michache, ikishindikana tumwachie Mungu. Niliyasoma maneno yale nikayaona ya busara.

Shida ikawa mama mwenyewe. Alikataa katakata kwenda kupimwa. Nilimbembeleza, nikamletea katekista Bernadi, mwisho nikamgombeza kama mtoto, Mungu anisamehe. Na mwenendo wake ukageuka. Usipa, dagaa wetu wa chumvi, niliomletea kutoka ziwani aliuloweka na kumwaga maji mara mbili kabla ya kunipa. Mboga yangu alinipikia bila chumvi, yake akaitia. Nilimwambia kuwa mgonjwa ni yeye, amechanganya sahani. Kikapu cha kahawa akaninyang'anya. Nikiketi kupumzika anakuja kunibonyeza miguu kwa kidole, anatazama lile shimo linavyochelewa kujaa, kisha anaondoka. Miguu ilikuwa imevimba, ni kweli, lakini nani havimbi akisimama mibunini kutwa? Nikajua ugonjwa umempanda kichwani. Niliogopa, kaka. Nilimwona mama anatutoka huku anatembea.

Juzi asubuhi akavaa kitenge chake cha kanisani, akasema twende. Alitolewa damu, tukasubiri kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Daktari aliporudi alisema figo za mama ni nzima, kuliko za watu wengi wa umri wake. Akauliza kama mkojo ule ulikuwa wake kweli. Nikaanza kupandisha sauti, nikasema mume wangu si mtu wa kuchanganya chupa. Mama akanishika mkono ninyamaze.

Alieleza huku ametazama sakafu. Alisema alishindwa. Mkojo wake ukishikwa na mkwe, heshima yake imekwisha. Kwa hiyo alichota kwenye ndoo niliyoitumia mimi usiku ule. Aliona mkojo wa mke si siri kwa mumewe, tena mimi ni kijana mzima, majibu yatakuwa mazuri na mambo yataishia hapo. Tangu majibu yalipokuja alijua ni ya nani. Hakuweza kulitamka, kwa sababu akilitamka litakuwa kweli. Alikubali kupimwa akiomba damu yake nayo ionekane mbaya, apate kuamini kwamba vipimo vyao humwona kila mtu mgonjwa.

Nilitolewa damu palepale. Kaka, mgonjwa ni mimi. Daktari amesema figo zangu zimebaki na nguvu kidogo sana, na mashine haitangoja kahawa iishe mitini. Kilian yuko Mkumbi na chupa zake, hajui kwamba alibeba mkojo wa mkewe hadi Mbinga. Nitamwambia mwenyewe akirudi. Mama alimwambia daktari kuwa zake zimepimwa na ni safi, basi wachukue moja. Alijibiwa kwa upole kwamba kwa presha yake haiwezekani, na upasuaji huo hufanyika nje ya nchi. Hakutaka kuelewa. Tangu jana anawauliza watu nje ya nchi kunafikiwa kwa njia ipi.

Nakuomba jambo moja. Yale maneno ya miezi michache na kumwachia Mungu, usiyahamishie kwangu. Niliyaona ya busara kwa sababu hayakuwa yangu. Placidi wangu hata shule hajaanza. Nina hofu, kaka.

Tutapanda basi la Jumatatu, mimi na mama, maana amekataa kubaki. Pokeeni salamu za katekista Bernadi na majirani wote wa huku. Wabusu watoto. Na wifi mwambie kitanda cha chumba cha uani asikitandue, ila anayekuja kukilalia ni mimi, na mboga yangu asiitie chumvi.

Mdogo wako akupendaye,
Luisa