Viatu vya Ncha na Baridi ya Mobeni

Kwako Baba mkwe, huko ambako natumaini hakuna vilima vya kupanda kwa baiskeli,

Baridi imerudi Durban. Najua ungecheka kusikia ikiitwa baridi, wewe uliyekulia Bukavu, ambako asubuhi mtu hutoa moshi mdomoni bila kuvuta sigara. Lakini juu ya baiskeli, alfajiri ya Juni, upepo unaingia kwenye kiatu kama ndugu wa mbali: hauombi ruhusa na haujui kuondoka. Wiki hii nilikwenda soko la Warwick kutafuta viatu vya baridi. Mama anayeuza akaniuliza, "Unataka vya kupendeza au vya kufanyia kazi?" Nikakukumbuka.

Ulikuwa fundi cherehani. Hata kiwanda cha magodoro kilipokupa kazi ya kushona kingo, ulikwenda kule umevaa kama mtu anayekwenda kumpima bwana harusi kostimu. Suruali yenye mkunjo, shati la kola, na vile viatu vyeusi vya ngozi vyenye ncha kali mbele. Soksi nyembamba kama karatasi ya sigara. Hivyo ndivyo ulivyotoka nyumbani Sydenham mpaka kiwandani Mobeni kwa baiskeli, Juni na Julai. Siku Furaha alipokutajia gambuti, ulimwambia, "Gambuti ni ya kuoshea gari, binti yangu. Mimi siendi kuosha gari."

Nami nilikuwa nyuma yako. Siku zote nyuma. Kwetu mkwe hampiti baba mkwe njiani, haoni miguu yake mitupu, wala hasemi neno juu ya mavazi yake. Sijui kama wazee waliotunga heshima hiyo waliifikiria baiskeli. Nilikuwa kijana mwenye mapafu mazuri, nikiendesha kwa mwendo wa mtu aliyebeba mayai. Mtanzania mmoja niliyekuwa nikipakia naye magodoro aliniona nikichelewa, akachoka.

"Si umpite tu huyo mzee! Kwani ana bunduki?"

"Hapana," nikamwambia. "Ana binti."

Mtu akikaa nyuma ya mwenzake muda mrefu, anamjua kwa visigino. Ukiwa na hasira, ulikanyaga pedali kama unamalizia suruali ya mteja msumbufu. Ukiwa na furaha, uliacha kukanyaga kwenye mteremko, ukapiga mluzi. Kwa hiyo niliona kabla ya Furaha kwamba kamba za kiatu cha kushoto huzifungi tena, na kwamba mguu huo unateleza kwenye pedali bila wewe kushtuka.

Halafu ikaja ile asubuhi ya robot, taa za barabarani, pale Umbilo. Taa nyekundu, ukashusha mguu wa kushoto. Taa ya kijani, ukaondoka. Kiatu kikabaki. Kilisimama pale kwenye lami, ncha yake ikielekea Mobeni, kama nacho kinangoja zamu yake. Na wewe unakwenda zako, soksi ikikanyaga pedali ya chuma, shingo juu, hujui lolote.

Nikakiokota. Kukupigia kelele barabarani, mkwe hafanyi. Kukupita ili nikupe, ndiyo kabisa. Nikapiga kengele. Ulidhani nakusalimu, ukapunga mkono. Nikapiga tena, ukapunga tena, safari hii na tabasamu. Dereva mmoja wa taxi ndiye aliyetuokoa. Alitoa kichwa dirishani, akapaza sauti: "Eish, madala! Mzee, kiatu chako kinakufuata!"

Ulisimama ukautazama mguu kama mguu wa mtu mwingine. Nilikupa kiatu huku nimegeuza uso, kwa heshima, lakini ndani yake nilikuwa nimeshaona. Kulikuwa na damu, ya siku hiyo na ya siku za nyuma.

"Ni kamba tu," ulisema.

Haikuwa kamba, Baba. Kiatu kilikuwa kimekuchuna, na mguu wako haukukuambia.

Furaha alikupeleka kliniki kwa ubishi wa siku nzima. Wakakuta sukari. Nesi alisema wazi: kiatu kipana, cha joto, kisichobana popote, na soksi nene. La sivyo kidonda hakitapona, na mguu utakatwa. Ulimshukuru sana. Kesho yake ukavaa vya ncha.

"Mwambie wewe," Furaha akaniambia.

"Mimi? Nimseme baba yako kuhusu miguu yake?"

"Mimi ananisikiliza kama redio ya jirani."

"Basi tuwaite wazee wa kanisa."

"Wazee wa kanisa wataomba. Huu mguu unataka kiatu."

Kukununulia sikuweza. Kwetu, kumpa baba mkwe viatu ni kumwonyesha mlango. Basi nikashuka Warwick nikachagua buti pana za ngozi laini, zenye manyoya ndani na soli yenye meno ya kushika pedali. Rangi yake ilikuwa ya matope. Zilikuwa mbaya, Baba. Muuzaji mwenyewe alinitazama kwa huruma. Nikazileta mbele yako, nikiongea nawe kwa wingi kama inavyompasa mkwe: "Baba, nimejinunulia buti za baridi, lakini naona haya kuzivaa. Mnaweza kuzisaidia?"

Ulizishika kwa vidole viwili. "Nani alishona hii? Alikuwa anakimbilia wapi?" Kisha ukaanza kuzigeuza, nikajua umenaswa. Ulizipaka rangi nyeusi, ukaikataa, ukapaka tena. Ulifumua mshono wa pembeni ukashona upya kwa uzi mnene wa kahawia, ule wa kingo za magodoro. Ulitupa kamba zake ukaweka nyingine. Zikatoka kitu ambacho waziri angevaa bungeni. Nikanyoosha mikono kuzipokea.

"Hapana," ulisema. "Wewe hupigi viatu rangi. Utaziua hizi." Ukakaa kwenye kiti, nami nikatazama ukutani mpaka niliposikia miguu imeingia.

"Mukwe."

"Ndiyo, Baba."

"Mguu wako ni namba saba. Hizi ni tisa."

Nikaendelea kutazama ukuta.

"Unafikiri fundi hapimi kwa macho?"

Asubuhi yake ulizivaa kwenda kazini, na soksi nene ndani yake, na kila aliyekuuliza ulimwambia kwamba kuna kijana mmoja ameziharibu dukani, wewe umezirekebisha.

Kidonda kilichukua baridi yote kufunga. Furaha alikiosha kila jioni mlango ukiwa umefungwa, mimi nikingoja nje, naye akitoka aliniambia, "Kimepungua," au, "Leo kiko vilevile." Kuna wiki kilirudi nyuma na nesi akaanza kutaja hospitali. Wiki ile niliendesha nyuma yako macho yakiwa kwenye kisigino cha kushoto tu. Ningegongwa na lori nisijue. Kisha Furaha akatoka jioni moja bila kusema kitu, akacheka, akakaa chini palepale mlangoni akalia. Nikajua umebaki na mguu wako.

Tukapata baridi mbili zaidi. Halafu mwaka jana, kwenye meza ya Furaha, kikombe cha chai mkononi, moyo ukasimama. Sote tulikuwa tumeulinda mguu.

Sasa naendesha peke yangu. Njia iko wazi, nafika mapema, na yule Mtanzania ananiambia, "Sharp, kaka, siku hizi unaruka!" Siipendi hata kidogo. Sijui nifanye nini na barabara yote hiyo. Mteremko ukifika naacha kukanyaga, na ninajikuta nasikiliza.

Jambo lililonifanya nikuandikie si baridi wala viatu vyangu. Nataka ujue ilivyokuwa siku ile ya kukuvalisha kabla ya maziko. Wazee wa kanisa walikuvika kostimu ya kijivu, vizuri. Walipofika miguuni mmoja akasema mkwe atoke. Furaha akawaambia kutoka mlangoni, "Mwacheni. Miguu hiyo ni yake pia."

Wakaniachia nafasi. Nikaiona, Baba, kwa mara ya kwanza. Kulikuwa na kovu dogo kando ya kidole cha mwisho, limetulia, na vidole vyote vipo. Nilikuvisha vile vya ncha, maana najua ungetugombeza sote kama ungefika huko na kitu kingine. Nilivipiga rangi mwenyewe. Kisha nikafunga kamba bila kuzikaza, kama vile damu bado ilikuwa na safari ya kupita.

Pumzika vyema, Baba.

Mkwe wako,
mume wa Furaha