Pampu na Maji ya Pasaka

Jumatatu, 16 Machi

Kipindi cha jiografia. Mwalimu aliuliza ni nani kwao wanaishi kwa makaa ya mawe. Nilijua watanigeukia wote. Wakanigeukia. Thilo akasema kwa Kijerumani, taratibu ili darasa zima lisikie: basi Lejna, mwambie baba yako azime, dunia ipone. Vicheko.

Jibu nilikuwa nalo. Kwamba Baba hachimbi makaa, anatunza pampu. Kwamba pampu ndizo zinazozuia shimo la mgodi lisijae maji, na maji yakitolewa humo ndiyo yanayokuwa kijito chetu. Nilikuwa nalo kwa lugha zote mbili, Kijerumani na Kisorbi, lugha yetu ya kijijini huku mashariki mwa Ujerumani. Nikaangalia kalamu yangu.

Na kibaya zaidi — nakubaliana na Thilo. Ule moshi lazima ukome. Nyumbani sijathubutu kumwambia mtu.

Jumatano, 18 Machi

Mkutano, ukumbi wa zimamoto. Baba alivaa shati lake la kanisani. Majira yote ya baridi watu hapa wameishi na tumaini moja: kampuni itafunga mtambo wa kunasa hewa ukaa kwenye mabomba ya moshi, iisukume chini ya ardhi, na kituo cha umeme kiendelee.

Mama aliyetumwa na kampuni alisema hapana. Mtambo ni ghali, nao wenyewe unakula umeme mwingi mno. Shimo la upande wetu linafungwa sasa hivi. Pampu ya kijito, anayoitunza Baba, mwisho Alhamisi kabla ya Pasaka. Baadaye vinu vya upepo, paneli za sola, na ziwa.

Mjomba Bjarnat, jirani yetu, akanyanyuka. Miaka ile nilipokuwa mchanga alifanya kazi kwenye mtambo wa majaribio. "Dada yangu, huo moshi mimi nimeshaunasa. Tuliunasa vizuri kabisa. Shida ilikuwa kuuzika. Kila kijiji kilisema mkauzike kwa jirani. Na sisi tukasema hivyohivyo."

Watu walicheka. Baba hakucheka. Aliuliza: na kijito? Yule mama akasema, kwa upole kweli, kwamba kijito kilishakufa kabla Baba hajazaliwa, hayo ni maji ya pampu tu. Ya chini ya ardhi yatapanda yenyewe. Lini? Akanitazama mimi. "Labda huyu binti atayaona akiwa mtu mzima."

Ukumbi mzima ukanitazama. Nilitamani nipotelee chini ya kiti.

Jumapili, 22 Machi

Bibi hajui habari ya pampu. Hakuna aliyemwambia. Anapamba mayai ya Pasaka kwa nta na ncha ya unyoya, anapapasa kwa vidole kwa sababu macho karibu yamekwisha. Daktari amesema hakuna la kufanya tena.

Kwa hiyo anataka maji ya Pasaka, ambayo wazee wanasema huponya, aoshee macho. Mimi ndiye nitakayeyateka kijitoni siku ya Pasaka, kabla jua halijatoka, na nisitamke neno njia nzima wala nisitazame nyuma. Ukisema chochote, yanabaki maji tu. "Wasichana wenzako, wavulana huwavizia njiani wakawachokoza, nao wanaropoka," alisema. "Wewe, mjukuu wangu, kazi hii umezaliwa nayo."

Kwa kweli. Kitu kimoja ninachokiweza duniani — kunyamaza.

Baba alikuwa anakula viazi na jibini laini. Hakuinua macho. Bibi akamuuliza kwa Kisorbi: Měto, kijito kina maji mwaka huu? Akamjibu kwa Kijerumani, kama siku zote. "Yapo, Mama."

Alhamisi, 2 Aprili

Leo ndiyo siku ya kuzima. Asubuhi Baba alikuwa anafunga viatu, mimi nimesimama mlangoni mwa jikoni na sentensi nzima mdomoni: iache mpaka Jumapili.

"Unataka kitu, mwanangu?"

"Hapana."

Akaenda.

Ijumaa, 3 Aprili

Kijito kinatiririka! Nimekwenda kuona mwenyewe. Kanisani Baba hakuja. Nje, Mjomba Bjarnat alinivuta pembeni. Kule mgodini wanaona taa ya pampu moja bado inawaka. Wanampigia Baba, hapokei. "Mwambie azime, Lejna. Sikukuu zikiisha wanamwita ofisini, na barua ya kuagwa kazini kwa heshima watamnyima."

Sikumwambia.

Jumapili, 5 Aprili. Pasaka

Niandike haraka.

Nilitoka gizani na jagi la Bibi. Wavulana hawakuwapo, kijiji chote kimelala. Maji yalikuwepo. Niliteka kufuata mkondo, upande wa mashariki, kama nilivyofundishwa.

Mlango wa kibanda cha pampu ulikuwa wazi. Baba ameketi kizingitini, na nguo za kazi.

"Nilikuwa nakusubiri," alisema. Kwa Kisorbi. Tangu nianze shule hajawahi kusema nami kwa Kisorbi. "Umeshateka?"

Nikainua jagi.

"Basi nazima." Lakini hakuinuka. Alisema pampu hii ameilea kuliko alivyonilea mimi, nimsamehe. Alisema akishaizima hajui atarudi nyumbani akiwa nani. Kisha: "Niambie twende wote, Lejna. Neno moja tu."

Neno nilikuwa nalo. Jagi lilikuwa kifuani. Niliwaza macho ya Bibi. Nilitikisa kichwa kukubali, lakini giza lilikuwa bado, sijui kama aliona. Nikaondoka. Nilipofika kwenye mti wa mwisho mngurumo wa pampu ulikatika. Sikutazama nyuma.

Naweza kusema ni mila. Si mila. Hata bila jagi nisingesema.

Bibi alinawa macho. "Umesema na mtu?"

"Hapana."

Akacheka, akasema maji ya mwaka huu ni baridi hasa, ni yenyewe.

Sasa kengele za kanisa zimeshanyamaza, na Baba hajarudi. Kijitoni limebaki tope, nimeliona kutoka dirishani. Koti la Baba liko hapa msumarini, simu inalia mfukoni mwake, inakatika, inalia tena. Yai lake jekundu liko kwenye sahani. Nimevaa viatu niende kibandani, nimekaa.

Bibi anauliza kutoka chumbani Měto yuko wapi. Ameuliza tena.

Jibu ninalo.