Wimbo wa Krismasi Ulioita Ngamia

Isiolo, 22/12/1981

Kagendo! Karatasi imelowa, bado nacheka, lakini lazima nikuandikie saa hii.

Leo kwenye mazoezi ya kwaya nilipiga ule wimbo wa Krismasi kwa gitaa, polepole. Pasta akasinzia. Nikaupiga kwa mdundo wa benga, kama dansini, akakunja uso. Basi nikaupiga kama vile wafugaji Waborana wanavyoimba wakinywesha ngamia kisimani.

Kagendo, ngamia! Kumi na wawili! Wakaacha barabara, wakaingia ua wa kanisa!

Mzee Jarso, mwenye ngamia, akafika akihema. "Nani ameita wanyama yangu?"

Kwaya yote wakaninyooshea kidole. Mimi hapo na gitaa!

"Umewaita, sasa wanyweshe."

Tukachota maji ya tangi la kanisa mpaka likakauka, tukiimba hivyo hivyo. Pasta mwenyewe alishika ndoo! Akasema, "Krismasi tunaimba hii."

Jarso akacheka: "Basi jazeni tangi. Watakuja."