Kwa Mama Sekela wa Itaka, Aliyechagua Mzigo Wake

Mama, mwaka mzima umepita tangu Agosti ile ya 1953 tulipokuzika hapa Itaka, na bado wapo wanaosema uliliacha shamba la kahawa likamezwa na magugu. Hawasemi uongo. Uliliacha, nasi tuliona.

Ulikuwa mtu wa kazi. Penye msiba kuni zako zilitangulia kufika, na mgeni aliyepita kwenda Tunduma hakuondoka kwako na njaa. Ulipopalilia uliimba kwa sauti ya chini, wimbo ule ule tangu asubuhi hadi jua kali.

Kisha pumzi zikaanza kukukatika. Dresa, mhudumu wa tiba wa zahanati, akakuambia moyo umechoka, usibebe tena mizigo. Ulirudi nyumbani, ukakaa kizingitini ukalia kidogo, halafu ukainuka ukapika.

Masika yale jirani yetu Marita alifariki akijifungua. Mumewe alikuwa amekwenda Rodesia kwenye migodi ya shaba, na hakuna aliyejua ni mgodi upi. Wazee wa kanisa wakabaki na kichanga mikononi, wakitazamana. Wewe ukakichukua, ukakiita Aida.

Baba mdogo Rubeni alikuja na wazee wa ukoo. "Shemeji," alisema, "kahawa inaharibika, misibani hatukuoni, nawe unalea mtoto wa watu. Tena wewe ni mgonjwa."

Ulikuwa ukimnywesha mtoto maziwa kwa kijiko. Hukuinuka.

"Ni mgonjwa, ndiyo maana nimechagua," ulisema. "Mgongo wangu ni mmoja, shemeji. Utabeba kuni, au utabeba mtoto."

"Na shamba?"

"Litaota magugu. Watakaobaki watayang'oa. Huyu hawezi kungoja."

Baba, aliyeipanda kahawa ile kwa mikono yake, alisogeza kuni mekoni, maziwa yapate moto.

Waliondoka wakinung'unika. Mwaka ule hatukuvuna cha kujivunia, na ibada za akina mama ulizikosa nyingi. Ulipoulizwa ulijibu kwamba Mungu anamsikia hata aliyekaa. Aida akaugua kifua, akapona. Akaota meno, akasimama. Siku alipotembea kutoka kwa mwanao Enesi hadi kwako, ulikuwa huwezi tena kunyanyuka mkekani. Ulimpokea pale pale chini, ukacheka mpaka ukakohoa. Mwezi uliofuata hukuumaliza.

Jumapili iliyopita tulimpeleka Aida kubatizwa. Mchungaji akauliza ni mtoto wa nani. Baba mdogo Rubeni alikuwa amekaa benchi la mbele na wazee wenzake, wakisubiri kusikia tutasema nini. Baba akajibu kwa sauti iliyofika hadi nje: "Wa Sekela."

Tunaokukumbuka ni mumeo Luka, wanao Enesi, Ipyana na Aida, na dada yako Ikupa wa kijiji cha Mpemba. Siku zote tulizopewa, Mama, hatutakusahau.